Bibi Jilfidan, Mama wa Salme

Watu wa Katanika, karibu na Kalemie, hawana haja ya kuelezwa sana maana ya kukimbia vita. Mwaka 2017, mapigano yalipokuwa yakiwaka kati ya Waluba na Watwa katika jimbo la Tanganyika, watu wengi walikuja hapo na mizigo yao kichwani, wakajijengea vibanda. Basi habari za Bibi Jilfidan, ingawa yeye alizaliwa mbali sana na kufa zamani sana, zitaeleweka hapo upesi kuliko mahali pengine.

Bibi Jilfidan alikuwa mmoja wa masuria wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Hakutawala nchi, hakuongoza vita, wala hakuacha maandishi ya mkono wake mwenyewe. Masuria wenziwe walikuwa wengi, na majina ya wengi wao yamepotea kama moshi. Jina la Jilfidan limebaki kwa sababu moja tu: alimzaa binti, Salme, na binti huyo, alipokuwa mtu mzima katika nchi ya ugeni, alikaa akaandika yote aliyoyakumbuka juu ya mama yake.

Kwao Jilfidan kulikuwa katika nchi ya Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, karibu na Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa mkulima. Nyumbani walikuwa watu watano: baba, mama, kaka mkubwa, Jilfidan mwenyewe, na mdogo wao wa kike mwenye umri wa miaka mitatu. Waliishi kwa amani hata siku vita vilipoingia nchini na wanyang'anyi wakaanza kuzunguka vijijini. Ndipo wale watano walipojificha mahali chini ya ardhi. Salme alipohadithiwa habari hiyo utotoni hakuelewa ni mahali gani hapo, maana nyumba za Unguja hazikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Lakini maficho yale hayakuwafaa kitu. Wanyang'anyi waliwagundua, wakawaua baba na mama, kisha wapanda farasi watatu wakawanyakua watoto watatu, kila mtu wake, wakaenda mbio. Yule aliyemchukua kaka alipotea machoni mapema. Wawili waliobaki walikwenda pamoja mpaka jioni, na muda huo wote yule mdogo alikuwa akimlilia mama yake. Jioni wakaachana njia. Tangu saa ile Jilfidan hakupata tena habari za kaka yake wala za mdogo wake.

Alipofikishwa Unguja katika nyumba ya Sayyid Said alikuwa bado mtoto wa miaka saba au minane. Jambo hilo lajulikana kwa alama ndogo ya kusikitisha: jino lake la kwanza la utoto lilimtoka akiwa katika nyumba ile ya wageni. Siku kama hiyo mtoto huonyesha jino lake kwa mama, na mama hucheka. Yeye hakuwa na mama wa kumwonyesha.

Unguja wakati ule ilikuwa mahali njia nyingi za utumwa zilipokutana. Wasichana wachache, kama Jilfidan, waliletwa kutoka kaskazini, wakauzwa kwa bei kubwa katika nyumba za matajiri. Waafrika walioletwa kutoka bara walikuwa wengi mno kuliko hao. Wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa. Wengine walitoka Manyema na pande za Ziwa Tanganyika, wakapitishwa Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, shingo zao zikiwa zimefungwa. Upande huu wa ziwa, bandari ya wafanya biashara ilikuwa Mtowa, kaskazini ya Kalemie. Wazee wa Mpala na wa Kibanga waliwajua watoto waliokombolewa njiani wakalelewa misioni, watoto wasioweza kusema kwao ni wapi wala mama yao ni nani. Jilfidan alikuwa mwenzao, ingawa alilala juu ya godoro na wao walilala chini.

Nyumba aliyoingia iliitwa Bet il Mtoni. Ilisimama ufukoni, kaskazini ya mji wa Unguja, na kijito kilipita ndani yake kikaingia baharini. Ilikuwa jumba kubwa sana, lenye watu kama elfu moja, na uani walitembea tausi, paa na mbuni. Mwenye amri ndani yake alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa wa Sayyid Said, mwanamke mkali aliyeogopwa na wakubwa na wadogo. Katika wingi huo wa watu mtoto yatima angeweza kusahauliwa pembeni. Lakini mabinti wawili wa Sayyid waliokuwa umri mmoja naye walimpenda wakamchukua awe mwenzao wa kucheza, naye akalelewa kama wao. Walipoketi juu ya mkeka wa chuo, naye aliketi. Hivyo alijifunza kusoma. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa masuria wengi waliletwa wakiwa wasichana wakubwa, nao waliona haya kukaa mkekani pamoja na watoto.

Alipokua, Sayyid Said alimfanya suria wake. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Kwa sheria ya nyumba zile, suria aliyezaa mtoto hakuweza kuuzwa tena, na bwana wake alipokufa alikuwa huru. Mtoto wake naye alikuwa huru tangu kuzaliwa, sawa na watoto wa mke wa ndoa. Tarehe 30 Agosti 1844 Jilfidan alimzaa Salme.

Mwenyewe hakuwa mzuri wa sura kupita wengine, na binti yake hakuona sababu ya kudanganya juu ya hilo. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na nywele zake nyeusi zilimfika magotini. Akili yake haikuwa ya kushangaza watu, bali mikono yake ilikuwa hodari katika kushona na kutarizi. Kilichomtofautisha ni moyo. Mtu alipougua katika jumba lile, Jilfidan alikwenda kumtazama, akamwuguza, akakaa karibu naye na vitabu vyake akimsomea maneno ya dini. Alitoka chumba hiki akaingia kile. Katika nyumba yenye masuria wengi, ambamo wivu ulikuwa chakula cha kila siku, yeye alikuwa na marafiki wengi. Wanaojua maisha ya wake wengi chini ya paa moja watakubali ya kuwa hilo ni gumu kuliko kupata dhahabu.

Sayyid Said alimheshimu. Jilfidan alipomwendea, yeye huinuka mahali pake akamlaki, heshima ambayo hakuwapa wengi. Naye hakumwendea kwa kujiombea vitu. Karibu kila mara aliomba kwa ajili ya mtu mwingine, na mara chache sana alinyimwa.

Usiku mmoja, Sayyid akiwa mjini, moto uliwaka katika mazizi ya farasi karibu na Bet il Mtoni, na kelele zikasikika kwamba jumba lenyewe limeshika moto. Habari hiyo haikuwa kweli, lakini wakati ule hakuna aliyejua. Watu walikimbilia mali zao. Jilfidan alimchukua Salme kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili Kurani yake kubwa, akatoka nje mbio. Masanduku, nguo na vyombo vya dhahabu hakuvitazama. Alikuwa Mwislamu, na tumaini lake kwa Mungu lilikuwa imara. Na ilikuwa mara ya pili maishani mwake kukimbia hatari. Mara ya kwanza alikuwa yeye mtoto wa kubebwa, na waliombeba walikuwa maadui.

Salme hakuwa mtoto mpole. Mama yake alimpenda sana, na alipostahili adhabu alimwadhibu bila kumhurumia. Lakini siku moja upendo ulishinda adhabu. Mtoto yule aliupanda mnazi mrefu bila kufunga kamba ya miguuni, ile ambayo hata wakwezi hawathubutu kuiacha, na alipofika juu akaanza kumfanyia jeuri mtu aliyekuwa akipita chini. Watu wakakusanyika, wakamsihi ashuke taratibu, naye hakusikia. Mama alikuja, akaketi chini ya mnazi akisokota mikono kwa hofu, akamwahidi kila kitu kizuri alichoweza kukifikiri. Ndipo Salme alipoteremka. Siku ile hakupigwa. Alipewa zawadi na kila mtu. Ni mwanamke aliyekwisha kupoteza watu wote wa damu yake mara moja, na aliyeona huyu mmoja aliyebaki yuko juu ya mnazi.

Jilfidan alikuwa na rafiki mmoja wa moyo, Bibi Sara, suria mwenziwe. Hao wawili waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenziwe atawaangalia watoto wake kama wake mwenyewe. Sara ndiye aliyetangulia. Watoto wake, Majid na dada yake Khaduji, walikuwa wamekua, na kwa muda ahadi ile haikudai kazi kubwa. Lakini Majid alipopewa nyumba yake mjini, iitwayo Bet il Watoro, alimwomba Jilfidan aje kukaa naye. Salme alikuwa na miaka saba hivi. Jilfidan aliipenda Bet il Mtoni. Ndiyo nyumba pekee aliyoijua tangu kunyang'anywa kwao, na marafiki zake wote walikuwa humo. Akafunga mizigo akaenda, kwa sababu alikuwa ameahidi. Baadaye walihamia tena nyumba iitwayo Bet il Tani, pale pale mjini.

Katika miaka hiyo Majid alimfundisha Salme mambo ya wavulana, kupiga shabaha na kutumia silaha. Na Salme alijifunza jambo jingine kwa siri. Wasichana wa Kiarabu walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye aliuchukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama kibao, akanakili herufi za Kurani moja moja mpaka mkono wake ukazoea. Kama si siri ile, leo hakuna mtu ambaye angelijua jina la Jilfidan.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alikufa baharini, akirudi kutoka Oman. Aliacha masuria 75 na watoto 36 walio hai. Majid akawa mtawala wa Unguja. Na kwa sheria iliyokwisha kutajwa, siku hiyo Jilfidan akawa mtu huru. Alikuwa amekuwa mtumwa tangu siku ile ya farasi watatu. Uhuru wake ulidumu muda usiofika miaka mitatu.

Mwaka 1859 kipindupindu, kolera, kiliingia Unguja. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliokuwa wamefika Ujiji mwaka 1858, waliporudi Unguja mwezi wa Machi 1859 waliukuta ugonjwa huo ukiua watu. Kalemie unajulikana vizuri, kwa maana kila mara hurudi katika miji ya kando ya ziwa. Siku hizo hakuna mtu wa Unguja aliyejua unapitia wapi. Daktari John Snow alikuwa ameonyesha mjini London, mwaka 1854, ya kuwa unaenezwa na maji machafu, lakini hata madaktari wengi wa Ulaya walikuwa bado hawajamwamini. Mgonjwa hufa kwa kuishiwa maji mwilini, na dawa ya kwanza ingaliweza kupatikana katika jiko lolote la Unguja: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari iliyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe tena na tena huku akipelekwa kwa mganga wa hospitali. Sukari ilikuwako. Chumvi ilikuwako. Maarifa hayakuwako.

Ulikuwa wakati wa joto. Usiku mmoja Salme hakuweza kulala kitandani, akaamuru atandikiwe mkeka laini sakafuni katika chumba cha mama yake, akalala hapo. Alipoamka alimkuta mama yake miguuni pake, akijipindapinda kwa maumivu. Alikuwa amejisikia kushikwa na kolera katikati ya usiku, naye hakumwamsha mtu. Alijikokota tu mpaka penye mkeka ule, kwa sababu, kama ilikuwa lazima afe, alitaka kufa karibu na mtoto wake.

Siku mbili alishindana na ugonjwa, kisha akafa. Watu walimwonya Salme akae mbali, asije akaambukizwa. Hakuwasikia. Aliukumbatia mwili wa mama yake, akamwomba Mungu amchukue naye pia. Hakuambukizwa. Alibaki, hajatimiza hata miaka kumi na mitano, bila baba wala mama.

Jilfidan alimwachia mashamba matatu. Na hapa pasifichwe neno. Mashamba ya Unguja ya siku zile yalilimwa na watumwa, na watumwa wale walikuwa na mama zao huko bara, au walikuwa nao zamani. Mwanamke aliyeibiwa utotoni alikula matunda ya kazi ya watoto wengine walioibiwa, na haionekani katika kumbukumbu za binti yake kwamba jambo hilo lilimsumbua. Alizaliwa katika dunia iliyouza watu, akaiona kama watu wanavyoiona mvua na jua. Salme mwenyewe, katika kitabu chake, aliutetea utumwa wa Waarabu kwa maneno mengi, na katika hilo hafai kufuatwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 14 baada ya kifo cha Jilfidan, na njia za Mtowa na Ujiji ziliendelea kuona minyororo hata baadaye. Huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilifika mpaka penye milango ya nyumba alimokaa ikasimama hapo.

Mwaka ule ule wa 1859 Salme, asiye na mama wa kumzuia, aliingizwa katika njama ya ndugu yake Barghash ya kumpindua Majid, yaani yule Majid ambaye Jilfidan alimtunza kwa ahadi. Alikuwa mwandishi wa barua za njama hiyo, kwa kuwa alijua kuandika. Njama ilishindwa, na majuto yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1866 alipata mimba kwa mfanya biashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akakimbilia Aden kwa meli ya Kiingereza. Huko Aden, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa. Wakaenda kukaa Hamburg. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga. Wakazaliwa wengine watatu. Mwaka 1870 mume wake aliangushwa na gari la reli la mjini akafa, na Salme akawa mjane katika nchi ya baridi, hajatimiza miaka 26, mdogo wa watoto wake akiwa bado wa kunyonya.

Hapo ndipo mama yake alipomrudia. Salme alikuwa amechoka mwili na roho, akaogopa kwamba atakufa kabla watoto hawajakua, nao hawakujua lolote juu ya ukoo wao ila kwamba mama yao ametoka Unguja. Alijua vizuri, kwa habari za Jilfidan, jinsi mtoto anavyobaki na kipande kimoja tu cha kumbukumbu, kilio cha jioni moja barabarani. Akaanza kuwaandikia. Ile kazi aliyoianza kwa ajili ya watoto watatu ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1886 huko Ujerumani, nayo imesomwa na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake, karibu kabisa na mwanzo, kabla ya habari za wafalme na vita vya ndugu, yumo mkulima wa Kaukazi, mke wake, na watoto wao watatu. Majina ya wale wengine wanne hayamo.

Salme hakufa mapema kama alivyoogopa. Aliishi hata tarehe 29 Februari 1924, akafa mjini Jena, naye amezikwa Hamburg. Mwaka 1885 alipata kwenda Unguja, baada ya miaka 19, akaenda kuitazama Bet il Mtoni. Zaidi ya nusu yake ilikuwa imebomoka, na majani yalikuwa yameota kila mahali. Kuta zilizobaki ziko mpaka leo ufukoni pale.